Magurudumu Matatu na Rula ya Masikio Saba

Nina miaka thelathini na mbili na nimestaafu. Barua inasema hivyo, ina muhuri, na meneja aliniambia nishukuru kwa kuwa neno walilochagua ni la heshima. Mzee Anaeli, aliyenifundisha kazi, alistaafu akiwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Mimi nimestaafu nikiwa na mtoto wa darasa la pili na mwingine anayenyonya. Tuliambiwa majina ya watu wa kupunguzwa yalipangwa bila upendeleo. Sawa. Nimechoka kubishana.

Penda na Stefano, ninyi mliobaki kwenye chumba cha vipimo, mmeniomba niwaandikie jinsi ile rula inavyofanya kazi, maana Injinia Lazaro aliondoka na michoro yake na mimi nimeondoka na kichwa changu. Nitaandika. Ila msitegemee kitabu cha maelekezo. Maelekezo tulikuwa nayo, ukutani, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, na kidogo yaue watu. Kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo, na ninyi msome mpaka mwisho, kwa sababu mwisho una kazi yenu. Vyeo sitavitaja, sikupata. Mshahara mnaujua.

Nilifika pale karakana ya Themi nikiwa nimetoka kidato cha nne, siku za foleni za sukari. Ilikuwa mali ya serikali, na kazi yake ilikuwa kubuni na kutengeneza mashine za wakulima: majembe ya kukokotwa, pampu, mashine za kusaga. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani. Mzee Anaeli alikuwa fundi mkuu wa kusubu chuma, kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu, Mmeru wa kule juu mlimani, mfupi, mikono kama ya mtu mwingine mkubwa zaidi. Nikamwamkia. Akavitazama viatu kabla ya kunitazama mimi.

"Marahaba. Hivyo ni vya kwenda navyo harusini?"

"Hapana, baba. Ndivyo nilivyonavyo."

"Basi leo vinabatizwa."

Vilibatizwa kwa mchanga mweusi wa kalibu na havikuwa viatu tena. Wiki nzima ya kwanza hakunipa kazi. Alinikalisha kwenye kreti mbele ya rundo la magurudumu mazito ya mashine za kusaga, yale ambayo mafundi huyaita flaiwili, akanipa nyundo ndogo. Nigonge, nisikilize. Chuma kizima kinalia kirefu, kama kengele iliyo mbali. Chenye pango ndani kinakata sauti. Nikigonga nikisema "kizima", yeye ananyamaza. Nikikosea, anapita nyuma yangu anasema, "Rudia, huyo ni mgonjwa." Ijumaa niliumwa kichwa mpaka meno. Jumatatu nilianza kusikia.

Pango linatoka wapi? Tulikuwa tunayeyusha vyuma chakavu, chochote kilichopatikana: injini za matrekta, mabomba, siku moja hata mguu wa cherehani. Chuma cha namna hiyo kinaingia kwenye kalibu na uchafu wake na hewa yake, na kikipoa hewa inabaki ndani. Kwa nje huoni kitu. Gurudumu linafungwa kwenye mashine, linazunguka kwa kasi, na siku pango likishindwa, gurudumu linapasuka na kila kipande kinaondoka na mwendo wake. Mzee Anaeli aliwahi kuona. Alinisimulia mara moja tu, akaniambia nisimuulize tena, na sikumuuliza.

Nyundo ilitosha kwa pango kubwa. Kwa dogo, hasa lililo karibu na ukingo, haikutosha. Ndipo alipokuja Injinia Lazaro.

Lazaro alikuwa kijana wa Kichaga, Mkatoliki, ametoka kusoma Ulaya, mpole, anatembea kama mtu anayeogopa kukanyaga nyaya hata mahali ambapo hakuna nyaya. Alirudi na kompyuta moja na kisanduku cha vidonge kumi na viwili vya kristali, kila kimoja ukubwa wa kifungo cha koti. Kidonge kikipewa umeme kinatoa mlio mkali ambao sikio la mtu halisikii. Mlio ukikipiga chenyewe, kinarudisha umeme. Tukaviita masikio, ingawa ni midomo pia.

Kazi inakwenda hivi. Unapaka grisi kwenye uso wa gurudumu, unaweka rula ya aluminiamu yenye masikio. Sikio moja linapiga mlio, mengine yanasikiliza. Mlio unaingia kwenye chuma, ukikutana na pango unarudi. Halafu la pili linapiga, na la tatu, mpaka yaishe. Kompyuta inapima mlio ulichelewa kiasi gani kufika kwa kila sikio, inatafuta ni mahali gani ndani ya chuma ambapo masikio yote yanakubaliana, na hapo inaweka doa jeusi. Picha moja ilichukua muda wa kunywa chai na kuosha vikombe.

Lazaro alituambia kule alikosoma rula zilikuwa na masikio mia na zaidi, yamebanana kama punje za mhindi. Sisi tulikuwa na kumi na mawili, na kila moja lilidai waya wake na amplifaya yake ya kukuza mlio, na amplifaya tulizitengeneza kwa transista za redio mbovu.

"Tutasikia kidogo," alisema, "ila tusidanganyike."

Tulidanganyika mwezi wa kwanza.

Haya ni makosa yetu watatu na simsukumii mtu. Masikio machache kwenye rula ndefu, swali ni unayaweka wapi. Hatukuliona hata kama ni swali. Mzee Anaeli alichukua uzi, akaufunga mafundo, akavuta juu ya rula na kutoboa kila penye fundo. Ninyi mmekulia mashambani huku, mnajua uzi huo. Tangu shule ya msingi tumepigwa kwa ajili yake. Bwana shamba anakuja, anavuta kamba yenye mafundo, hatua hii hadi hii, na mhindi wako ukiota nje ya mstari unang'olewa mbele ya wenzako. Kwetu sisi kitu kilichopangwa kwa nafasi sawa ni kitu kilichofanywa na mtu mwenye akili. Lazaro aliitazama rula akasema imependeza. Na mimi nilisema imependeza.

Gurudumu la kwanza tulilolijua lina pango moja lilitupa picha yenye mapango mawili. Moja katikati, lingine pembeni, sura ile ile, limefifia kidogo. Tulikata gurudumu kwa msumeno siku mbili. Katikati kulikuwa na pango. Pembeni, chuma kitupu, kizuri, kinang'aa. Tukakata lingine. Ikawa vile vile. Mzee Anaeli akamwita huyo wa pembeni pacha, na jina likabaki.

Lazaro alisema atatafuta sababu. Lakini wakati ule ndio maduka yalianza kujaa. Mnakumbuka, au mama zenu wanakumbuka. Redio, kaseti, mitumba, sabuni za rangi saba. Kila aliyekuwa na shamba au shemeji alitaka mashine yake ya kusaga, hahitaji tena kibali wala barua ya ushirika. Magurudumu yalidaiwa kabla hayajapoa. Meneja alikuja chumba cha vipimo akasimama mlangoni, hakuingia kwa sababu ya grisi.

"Mnachelewesha. Huyo pacha mnamjua si kitu. Sasa mnamsubiri nini?"

Tukaandika sheria. Niliiandika mimi, kwa kalamu nene, ukutani: PANGO LA PEMBENI LINALOFANANA NA LA KATIKATI NI PACHA. LIPUUZE. Na kwa kuwa pango la katikati hutolewa lote pale gurudumu linapotobolewa tundu la ekseli, gurudumu lenye pango la katikati na pacha wake lilikuwa, kwa sheria ile, zima. Nilikuwa nalitazama, naweka karatasi ya picha kwenye faili, naligonga muhuri. Miezi na miezi. Masikio yakaanza kufa, moja moja. Paa lilivuja kwenye kabati. Tuliagiza mengine. Mjini unaweza kununua saa inayoimba, ila kidonge cha kristali hakuna.

Kisha nikamzaa Neema, huyu anayenyonya, na likizo ya uzazi nikaenda kwa mama yangu, mlimani, upande wa migomba.

Sitaki kuifanya hadithi nzuri. Nilikuwa nimechoka, mtoto analia, nikawa namzungusha nje kila siku ili mama apate kulala. Njia ilipita kando ya shamba la jirani, mahindi ya kamba, mistari iliyonyooka kama daftari. Unapotembea kando yake, mstari unafunguka mbele yako, unaona mpaka mwisho wa shamba. Hatua mbili tatu, unajifunga. Halafu unafunguka mwingine, wa kwenda upande, wa mshazari. Mshazari ule hakuna aliyeupanda. Kamba haikuvutwa upande huo. Umetokea wenyewe, kwa sababu nafasi ni sawa.

Nilirudi nyuma nikautazama tena. Kisha nikaingia kwenye kihamba cha mama, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba. Migomba yake ilipandwa na bibi, na mahali palipopatikana: huu hapa, ule pale, kahawa katikati, maharage chini. Nikazunguka kihamba chote na mtoto. Njia ya uongo haikufunguka hata moja. Kila upande unakutana na mgomba.

Likizo ilikuwa bado wiki tatu. Nilishuka mjini kesho yake.

Nilimkuta Lazaro anachomelea waya. Nikamwambia pacha ni mstari wa mshazari. Akasema pacha sijamwelewa. Nikamwambia wewe ndiye hujanielewa, kaa chini. Nikamchorea. Aliufuata mchoro kwa kidole, kisha akauliza:

"Umesoma wapi hii?"

"Sijasoma. Nimebeba mtoto."

Kwa maneno yenu nitasema hivi. Masikio yaliyopangwa kwa nafasi sawa ni kama mashahidi waliokaa pamoja kilabuni kabla ya kwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Wakisema ukweli wanakubaliana, na wakisema uongo wanakubaliana vile vile, kwa sababu wamezoea hadithi moja. Balozi hawezi kuwatofautisha. Watoe mashahidi kwenye njia mbalimbali, kila mmoja na umbali wake. Hao kwenye uongo watakwaruzana. Kitu pekee kitakachowapatanisha ni kile walichokiona kweli.

Masikio yaliyobaki mazima yalikuwa saba. Lazaro alihuzunika, mimi nikaona kazi imepungua. Tulitengeneza rula mpya yenye mashimo ishirini na sita, yamebanana kadiri drili ilivyoruhusu, na swali likawa mashimo yapi saba yakae masikio. Sharti: chukua masikio mawili yoyote, pima umbali kati yao, na umbali huo usijirudie kwa wawili wengine wowote. Tulitumia maharage juu ya meza. Unasogeza harage moja, unaharibu matatu. Mzee Anaeli alikuja kututazama, akasema ndoa zimevunjika kwa sababu ndogo zaidi. Siku ya nane maharage yalikaa. Shimo la kwanza, la pili, la tano, la kumi na moja, la kumi na tisa, la ishirini na nne, la ishirini na sita. Andikeni hapo. Pimeni wenyewe, wawili wawili, mara ishirini na moja, hamtakuta umbali uliojirudia. Atakayewaambia mpange vizuri ili ipendeze, mpeni fagio afagie.

Tuliweka rula mpya kwenye kipande cha gurudumu la kwanza. Pango katikati. Pembeni vumbi hafifu lililotawanyika. Pacha hakuwepo. Masikio saba yalituonyesha kilichotushinda tukiwa na kumi na mawili. Lazaro aliandika ripoti, na jina langu liko ndani yake, mahali pa kuwashukuru wachapaji.

Wao walifurahi. Mimi nilikwenda kwenye faili.

Kilichonisumbua ni hiki. Ikiwa pacha anatokana na nafasi za masikio, basi mahali pake hapachaguliwi. Pango likiwa kina fulani, pacha wake lazima awe umbali fulani, daima. Kwa hiyo unaweza kumpima. Nilitoa karatasi zote za magurudumu niliyoyapitisha kwa sheria ya ukutani. Zilikuwa kumi na moja. Nikapima kwa rula ya shule. Nane zilikubali, pacha yuko pale anapopaswa kuwa. Tatu zilikataa. Lile doa la pembeni lilikuwa vidole viwili nje ya mahali pake, karibu na ukingo kabisa. Gurudumu namba 27, namba 31, namba 38. Yale hayakuwa pacha. Yalikuwa mapango, ukingoni, mahali pabaya kuliko pote, na chini ya kila karatasi kulikuwa na saini yangu.

Nilikwenda kwa meneja na karatasi. Alikuwa na wageni wiki hiyo, watu wa mashati meupe waliokuja kuitazama karakana kwa sababu serikali ilikuwa inataka kuiuza. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba jambo hili lisubiri wageni waondoke, lichunguzwe kitaalamu, liandikiwe.

"Linazunguka sasa hivi," nikamwambia.

"Limezunguka miezi minane bila neno. Kwa hiyo linaweza kusubiri Jumatatu."

Ilikuwa Jumatano. Nilimfunga Neema mgongoni nikaenda sokoni Kwa Mrombo.

Namba 27 ilitoka na barua yenye jina la mnunuzi, ndiyo maana nilijua ilipo. Ilichukuliwa na kikundi cha akina mama wa usharika wa kanisa, na mwenyekiti wao alikuwa Mama Aika, mfanyabiashara wa mahindi, mwanamke anayeongea kama anahesabu magunia. Ilikuwa siku ya soko. Foleni ya ndoo na madebe ilianzia mlangoni mpaka kwa wauza vitunguu. Mashine inanguruma, huwezi kusikia jina lako. Binti yake, Aika, mwenye miaka ishirini hivi, ndiye aliyekuwa anamimina mahindi. Alisimama hatua moja kutoka kwenye gurudumu, unga mpaka kwenye kope, anaimba.

"Shikamoo, Mama Aika. Naomba mzime mashine."

"Marahaba. Tuzime kwa nini na debe la watu liko ndani?"

"Gurudumu lina pango. Linaweza kupasuka."

Alinitazama, akamtazama Neema, akanitazama tena. "Wewe si ndiye uliyeligonga muhuri? Ulituambia ni zima, ukatuambia tulipake grisi kila Jumamosi."

"Ndiye mimi."

"Sasa juzi lilikuwa zima, leo linaumwa. Limepata malaria?"

Foleni ilicheka. Mmoja akapaza sauti: "Lipeni klorokwini!" Mwingine akasema nimetumwa na yule tajiri aliyefungua mashine mpya ng'ambo ya barabara. Mwingine akasema mwacheni, ana mtoto mchanga, kichwa hakijakaa. Huyo ningempiga kama si Neema mgongoni.

Nilikuwa nimejiandaa kueleza. Mlio, masikio, umbali. Yote yakanitoka. Nikamtazama Aika pale kando ya gurudumu, nikasema kwa sauti niliyoweza:

"Nilikosea."

Mama Aika akainamisha sikio. "Umesemaje?"

"Nilikosea, mama. Mimi mwenyewe. Niliona pango nikaambiwa si pango, nikaandika ukutani si pango, nikasaini. Ni pango. Na mwanao amesimama mbele yake."

Hakuniangalia. Alipunga mkono, injini ikakohoa ikazima, na ule ukimya ulikuwa mkubwa mpaka Neema akaamka.

"Nisikilize," Mama Aika alisema. "Ofisi zote za mji huu nimeingia. Sijawahi kusikia neno hilo. Kwa ajili yake nakupa gurudumu. Lakini likiwa zima, utarudi kulifunga mwenyewe, na haya madebe yote utayatwanga kwa mchi. Kwa mikono yako. Mtoto tutakushikia."

"Sawa, mama."

"Hata debe la huyo aliyesema kichwa hakijakaa."

Tulilipeleka kwa mkokoteni. Kutoka Kwa Mrombo mpaka Themi, mimi, Mama Aika, Aika na wanawake wanne waliokuja kuhakikisha sikimbii. Getini meneja alikuwa anawaonyesha wageni ua. Alitabasamu kwa meno.

"Mama, ni nini hiki?"

"Namba ishirini na saba."

"Nani amekuruhusu?"

"Mimi," alisema Mzee Anaeli, akitokea kwenye tanuru. Hakuwa ameniruhusu. Hakuwa hata anajua nimekwenda wapi. Aliusukuma mkokoteni mpaka ndani, akalipindua gurudumu kwenye meza kwa mikono yake ile, akaanza kupaka grisi, na mbele ya wageni meneja akaendelea kutabasamu.

Picha ilichukua muda wa kumnyonyesha Neema matiti yote mawili. Lazaro aliita. Kwenye skrini, ukingoni, doa jeusi, kali, bila pacha. Mzee Anaeli alipima kwenye karatasi, akaweka alama ya chaki juu ya chuma. Akalifunga gurudumu kwenye mashine ya kutoboa. Mama Aika alisimama kifua mbele, mikono kiunoni. Drili ilikula chuma pole pole, vumbi likatoka, kina cha kiungo cha kidole, na chuma bado chuma. Nilianza kuyafikiria yale madebe. Mara drili ikadumbukia. Ilikwenda chini kwa ghafla mpaka mpini ukamponyoka Mzee Anaeli.

Akazima. Akachomeka waya kwenye tundu na waya ukaingia, ukaingia, ukaingia.

Mama Aika alijaribu kwa kidole cha mwisho. Akakitoa, akamwambia binti yake, "Njoo uone." Aika alikataa. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akakaa chini, akaanza kupangusa unga usoni kwa kanga, akipangusa na kupangusa ingawa ulikuwa umeshatoka.

"Na mahindi yetu yaliyobaki ndani ya mashine?" Mama Aika aliniuliza. Lakini sauti haikuwa ile ya magunia.

Tuliwasubia gurudumu jipya. Nililipima mara tatu. Sheria ya ukutani niliikwangua kwa tupa mpaka plasta ikatoka. Mmeliona lile kovu, mkaniuliza, nikawaambia ni unyevu. Samahanini.

Wiki mbili baadaye niliitwa nikaambiwa niache kuzungumza kuhusu magurudumu, kwamba naharibu jina la karakana mbele ya wanunuzi. Baada ya mwezi nikapata barua. Sisemi jambo moja lilizaa lingine. Nimepanga matukio kama yalivyofuatana. Mzee Anaeli alistaafu mwaka huo huo, na Lazaro akapata kazi Dar.

Sasa kazi yenu. Namba 31 na namba 38 hazijapatikana. Zamani kila gurudumu lilitoka na barua ya kijiji au ya ushirika, jina na mahali. Haya mawili yalitoka wakati kibali hakihitajiki tena, na kwenye kitabu cha mzigo, mahali pa jina, pameandikwa "mteja taslimu". Mtunza stoo anakumbuka pikapu ya kijani kwa 31, anadhani ilielekea Monduli. Kwa 38 hakumbuki chochote.

Nimekwenda Monduli mara mbili. Nimekwenda Ngaramtoni, Kisongo, Tengeru, Usa River, siku za soko, mashine moja baada ya nyingine, Neema mgongoni, na chupa ya mafuta ya taa na kitambaa. Namba imechongwa kando ya tundu la ekseli, chini ya grisi, lazima upanguse ndipo usome. Wengine wananikaribisha uji. Wengine wananifukuza, wakidhani nimetoka kodi. Nimesoma namba nyingi ambazo si zile. Nikirudi nyumbani Levolosi miguu imevimba, na nikilala nasikia injini.

Sina tena kitambulisho cha kazi, na mtu asiye na kitambulisho hawezi kuzima mashine ya mtu. Ninyi mnacho. Mnatumwa vijijini kufunga pampu, mnapita ambako mimi sifiki. Bebeni kitambaa. Kila mnapoisikia mashine ya kusaga, ingieni, ombeni izimwe kidogo, panguseni, someni. Watacheka, na mtaonekana wajinga mara mia. Siku mtakapoiona 31 au 38, na wao wanaiwasha tena, msiende kumtafuta mwenye mashine, msiende kumuuliza meneja, msianze kueleza habari za masikio. Shikamoo itasubiri. Zimeni.